Mpenzi wa Mwaka 1972: Anza na Watu Aliowaacha

Ukitaka kuandika riwaya ya wanawake wawili wanaopendana, mmoja wa leo na mwingine aliyetupwa huku kutoka zama za nyuma, usianze na busu. Anza na watu ambao huyo mgeni amewaacha. Huo ndio mswada nilio nao mezani: binti wa Greenwich Village, New York, anatoka nyumbani mwaka 1972 na kujikuta kwenye mtaa uleule katika miaka yetu hii.

Mfukoni ana tokeni ya treni, ya nauli ya senti 35. Tokeni zenyewe ziliondolewa mwaka 2003. Vitu kama hivi wasomaji huvipenda, lakini havibebi hadithi. Kinachoibeba ni hofu aliyokuja nayo. Kwao, jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyomfanya mhalifu kwa mapenzi yake, na mahakama iliibatilisha mwaka 1980 tu. Madaktari wa akili wa Marekani nao walimhesabu mgonjwa hadi Desemba 1973, chama chao kilipoufuta ushoga kwenye orodha ya maradhi. Kwa hiyo mwenzake anapomshika mkono barabarani, yeye hugeuka kwanza kuangalia nani anawaona. Akiambiwa aende kwa daktari, anakataa katakata. Yaoneshe mambo haya kwa vitendo, maana ukiyageuza kuwa somo la historia msomaji atayaruka.

Kuhusu familia ya kujichagulia, yaani marafiki wanaotunzana kama ndugu, nina msimamo mkali. Marafiki wacheshi wanaoishi nyumba moja bado si familia. Mwandishi atuoneshe nani analipa kodi, nani anapika, nani anakesha na mgonjwa. Mfano upo hapohapo New York: mwaka 1970 wanaharakati Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson walianzisha kikundi cha STAR, wakatafuta makazi kwa vijana waliokuwa wakilala mitaani. Hawakuwa na fedha. Walikwenda wenyewe kuuza miili yao ili kodi ilipwe na wale vijana wasilazimike kufanya hivyo. Kila ninapoandika nyumba ya wahusika wangu, hao wawili ndio kipimo changu.

Kisha inakuja sura ambayo huwezi kuikwepa. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI ilitolewa tarehe 5 Juni 1981, ikieleza vijana watano wa Los Angeles. Dawa za mseto zilizobadili hali zilianza kutumika mwaka 1996. Binti wangu ameiruka miaka hiyo yote. Siku moja atauliza rafiki zake wako wapi.

Nani amjibu? Ushauri wangu: asiwe mpenzi wake. Msichana wa leo ana huruma, lakini hao waliokufa hawakuwa rafiki zake. Iweke nyumbani humo nafsi moja ya makamo ya juu, mtu wa miaka sabini na kitu aliyezika marafiki na bado anajua nani alipenda kahawa chungu na nani aliimba vibaya. Upo ule mfarishi wa kumbukumbu ulioanzwa San Francisco mwaka 1987, vipande vya nguo vilivyoshonwa majina ya waliokufa kwa UKIMWI, na majina hayo yanaweza kutafutwa kwenye intaneti. Wakalishe wawili hao mbele ya kompyuta, wapitie jina baada ya jina, wala usiwaharakishe. Sura hiyo kwangu ni ndefu kuliko zote za mapenzi, na siipunguzi.

Mwishoni, arudi au abaki? Kila upande upe uzito wa kweli. Kule rafiki zake wako hai. Huku, tangu 2015, anaweza kufunga ndoa na mwanamke jimbo lolote la Marekani. Mimi nimembakisha, na ndoa siyo sababu pekee: yule mzee wa nyumbani ni rika lake, na muda wote huo amekosa wa kuzungumza naye habari za mwaka 1972.