Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo pikipiki ya matairi manne

Yohana mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na Neema pembeni ili anifafanulie hizo "sisi" zako. Unauliza pikipiki ya matairi manne mnayotaka kuileta hapa Hombolo iwe Yamaha Kodiak ya sisi 450 au Yamaha Grizzly ya sisi 700, ifanye kazi za shamba la zabibu, na siku mojamoja wewe na wenzako mpande nayo milima ya Kondoa. Mwanzo nilisikia "sisi mia saba" nikajiuliza ukoo umekuwa mkubwa hivyo lini. Neema alicheka hadi akamwaga chai. Sasa nimeelewa kuwa ni cc, ukubwa wa injini.

Nitakujibu. Ila kwanza niambie: siku itakapogoma, nani ataitengeneza?

Najua umeshakunja uso, umesema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Chombo ambacho spea yake haipatikani Dodoma mjini ni pambo la uani. Nililisema hili baba yako akiwa hai, nikalisema tena ulipoleta ile pampu ya sola, na nitalisema hata nikiwa kitandani sijiwezi.

Pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, unaikumbuka, lakini unaikumbuka kama mtoto wa shule, tena wa bweni. Ulikuja likizo ukaikuta uani, nyekundu, inang'aa, ukazunguka nayo kijiji kizima. Jinsi ilivyofika hukuiona. Ile kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza ilikuwa imetangazwa mwaka 2009, kila mkutano ni pawatila, kila redio ni pawatila. Mwaka uliofuata, asubuhi moja nikatoka na ndoo kwenda kukamua. Nikafika zizini, kamba ya ng'ombe wangu Sabuni imefungwa palepale kwenye kigingi, upande wa pili hakuna ng'ombe. Nikasimama na ndoo yangu. Nikadhani wezi. Kumbe alipelekwa mnadani jana yake jioni nikiwa kwenye jumuiya, yeye na wale madume wawili. Madume sina neno nao, walikuwa wa baba yako. Sabuni alikuwa wangu. Nilipewa na mama yangu kule kwetu Haubi, Kondoa, na maziwa yake ndiyo yaliyokununulia sanduku la bweni.

Hakuniuliza. Miaka yote hii, kinachoniuma si ng'ombe, ni kwamba hakuniuliza.

Haya, ikaja. Injini ya dizeli ya silinda moja, unaiwasha kwa kuzungusha hendeli mpaka bega lichomoke. Ile mashine ilitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga huko Asia, ikanyage tope, ivuruge tope. Baba yako akaipeleka shamba la uwele mwezi wa kumi na moja, mvua haijagusa ardhi. Yale majembe yake ya kuzunguka yakawa yanarukaruka juu ya udongo kama kuku anayekanyaga majivu ya moto. Baba yako anaing'ang'ania, mashine inamburuta, mimi nimekaa chini ya mkwaju nimenyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi, kitu ambacho sijivunii.

Na mzee wa kumwonya alikuwepo! Babu yako alikuwa kibarua Kongwa kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza. Walianza kufyeka mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na mwaka 1951 wakafunga virago. Babu alikuwa akisema udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa sementi, na mchanga wake unakula jembe kama msasa. Ile boliti kubwa inayozuia mlango wa stoo aliiokota huko. Baba yako aliiruka boliti hiyo kila siku akienda kuchukua dizeli, na haikumwambia kitu.

Lakini ngoja, nisimwonee marehemu. Kulima ilishindwa, kubeba iliweza. Tulipoifunga tela, ile pawatila ilituhudumia misimu miwili. Ilibeba samadi, maji, matofali ya chumba chako, kreti za zabibu. Na jioni moja, Jumapili, alivaa koti lake la harusi, akatupakia wote kwenye tela akatupeleka bwawani tukale samaki. Akaendesha polepole kama anabeba mayai, watu wanatupungia mikono. Neema alilala mapajani kwangu na kelele zote zile. Nikafikiri, sawa, Sabuni amekuwa gari. Siku hiyo nilimsamehe kabisa. Kesho yake nikakumbuka tena.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo swali lako lilipo. Ni mavuno ya Agosti, tumepakia kreti kumi na mbili, tunateremka kwenye korongo. Pawatila haina usukani. Ina klachi mbili ndogo chini ya mishikio, kila upande moja. Ukitaka kwenda kushoto unabana ya kushoto, tairi la kushoto linakosa nguvu, la kulia linasukuma, chombo kinageuka. Tambarare ni hivyo. Mteremkoni mambo yanapinduka: mzigo unasukuma kutoka nyuma, injini ndiyo inayozuia, kwa hiyo tairi uliloliachia ndilo linalokimbia, na ukibana kushoto unakwenda kulia. Muuzaji hakumwambia. Baba yako alibana kushoto kukwepa gema, mashine ikaenda kulia, akabana zaidi, ikaenda zaidi. Tela likalala ubavu. Zabibu zote mchangani, nyeusi na mchanga mweupe, na kabla hatujainuka nyuki walikuwa wameshafika. Baba yako alikaa chini akaokota zabibu moja, akaipuliza, akaila. Akasema, "Tamu kweli mwaka huu." Sikujua nilie au nicheke.

Mwaka wa tatu ikafa pampu ya dizeli. Duka lililotuuzia lilikuwa limehama. Wakatuambia spea inaagizwa, subirini. Nasubiri mpaka leo. Iko palepale, kuku wa Neema anatagia kwenye sanduku la vifaa.

Basi nirudi kwako. Neema amenisomea kwenye simu vitabu vya hizo mashine zako mbili, usiku mzima bando limekwisha, utalirudisha. Nimeambiwa hivi: mbele unaweka kilo 40 kwenye hiyo ya 450 na 50 kwenye ya 700. Nyuma 80 kwa 90. Kuvuta, zote mbili kilo 600. Nikamwambia rudia. Akarudia. Zote 600. Sasa hizo sisi 250 za ziada zinavuta nini, mwanangu, kama si jina? Najua utaniambia mlimani, na ulaini wa safari. Sawa. Lakini umeanza ujumbe wako kwa shamba, mlima umekuja mwishoni, na mimi mwalimu mstaafu najua mwanafunzi anavyopanga sentensi zake.

Kilo 80 nyuma ni madumu manne ya maji. Manne! Punda wetu anabeba manne bila kitabu, na akichoka anasimama mwenyewe. Kwa hiyo msije na pikipiki bila tela, mtakuwa mmeleta punda anayekunywa petroli.

Ungeniuliza mimi ningesema chukua toyo ya matairi matatu. Inabeba kuliko hizo zote, kila fundi wa mjini anaijua hata akiwa na usingizi, spea unapata kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye karatasi ya kwanza. Halafu nikakumbuka toyo ya jirani iliyozama korongoni Februari, tairi la mbele limechimba mchanga kama kuchi anatafuta kivuli, vijana sita wanaisukuma na mbolea ndani. Hizo zenu zinavuta matairi yote manne ukibonyeza, na matairi yake ni mapana yenye upepo kidogo, hayazami. Na Neema anasema zote mbili injini inazishika zikiteremka, magurudumu yote, hazikimbii. Hapo nilimwambia asome polepole. Kama baba yako angekuwa na kitu kinachoshikwa na injini yake mteremkoni na usukani unaokwenda unakoelekezwa, tungefika mjini na kreti kumi na mbili. Kwa hiyo karatasi ya kwanza nimeichana.

Ila zote mbili zinatembea kwa mkanda wa mpira ndani, si cheni. Mkanda huo hufa kwa joto. Ukivuta samadi mchangani kwa mwendo wa konokono bila kuweka gia ya chini, unaunguza. Mwambie kijana wa shamba, na umwambie mbele yangu, maana akiambiwa na wewe peke yake anasahau. Vumbi letu unalijua: chujio la hewa lifunguliwe kila wiki wakati wa kiangazi, na mbegu za nyasi zitolewe kwenye rejeta. Miba ya migunga haiulizi ni sisi ngapi. Na kabla hujalipa hata shilingi, nenda mjini ukaulize huo mkanda, na hilo chujio, kwa namba yake. Usiulize "mnazo?" Watasema zipo. Sema nitolee nishike. Chombo ambacho spea yake haipatikani Dodoma mjini, nimeshasema.

Jambo la pili silijadili. Ni chombo cha mtu mmoja. Kiti ni kirefu ili dereva asogeze mwili wake mlimani, si ili apakie mtu, na kimeandikwa hivyo kwenye mashine yenyewe. Mashine ya ukubwa huo si ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Mjukuu wangu ana tisa. Ninakujua, utasema nampeleka mpaka kisimani tu. Hapana. Kile kitu kina kilo karibu 300, kikimlalia mtu hakuna wa kukiinua ila Mungu na vijana sita. Wale wa toyo.

Sasa Kondoa. Hapa nimekaa na kalamu muda mrefu. Nyie mnaiona ile milima kama mahali pa kuchezea, na kweli ni mizuri, na michoro ya kale ya miambani kule Kolo ni vizuri wenzako waione. Lakini mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba mwaka 1979, serikali ilipoamua ng'ombe wote watoke huko. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulikuwa umeanza mwaka 1973 kupanda miti na kuziba makorongo, wakaona haitoshi, wakasema mifugo itoke kabisa. Nilimwona babu yako mzaa mama akiwaswaga ng'ombe wake kwenda kwa ndugu, mavumbi mekundu mpaka kwenye kope. Baadaye sana ndipo waliporuhusu wa kufungwa bandani, na mama yake Sabuni alikuwa mmoja wao. Unaelewa sasa Sabuni alikuwa nani? Korongo la Haubi lililomeza shamba la shangazi yako lilianza na njia ya ng'ombe, upana wa kwato. Matairi manne mapana mteremkoni, mvua ikifuata, sijui kama wenzako wanafikiria hivyo. Pengine nazidisha. Bodaboda wanapita huko kila siku na milima ipo. Lakini piteni kwenye njia zilizopo, na mkiona nyasi changa kwenye gema, zungukeni hata kama ni mbali.

Umesema nisikufiche, niseme ipi. Sitasema. Baba yako hakuniuliza, wewe umeniuliza, na hilo peke yake limenifanya nilale vizuri, kwa hiyo hela ni yako na uamuzi ni wako. Ulimi unaniwasha lakini sitasema.

Nilichofanya, jana jioni nilichukua kamba na ile futi ya kushonea nikaenda kupima lango la shamba la zabibu, lile alilolitengeneza baba yako ipite pawatila bila tela. Ni sentimita 121. Neema anasema Kodiak ina upana wa 118, Grizzly 123. Nguzo ya kulia mchwa wameila, ukiisukuma inacheza, inaweza kusogezwa. Ukija uje na mfuko mmoja wa saruji kwa vyovyote vile, na ndoo ya kukamulia, ile ya zamani imetoboka.

Mama yako
Hombolo