Fedha za Masomo Zinalipa Pango na Chakula?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Columbus, Ohio, nilitoka Tanga mwaka 2006. Mwanangu alipoanza darasa la kwanza nilimfungulia akaunti ya akiba ya masomo, ile wanayoiita 529. Niliweka kidogo kidogo hadi dola 12,000, na kwa faida sasa zimefika 18,000. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma muda wote, na ada yake yote inalipwa na ruzuku ya serikali na msaada wa chuo. Amepanga nyumba na wenzake watatu, fungu lake ni dola 700 kwa mwezi. Kaka yangu ananiambia nikigusa fedha hizo kwa kitu kisicho ada, serikali itanipiga faini. Ni kweli? Chakula je? Na mafuta ya gari lake?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako amekutisha bure. Pango na chakula cha mwanafunzi vinaruhusiwa, hata akiishi nje ya chuo, mradi ameandikishwa angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo. (Nasema pango kwa ya nyumba na kodi kwa ya serikali, tusichanganye.) Mafuta ya gari, simu, bima ya afya na nauli ya kuja nyumbani havimo. Vitabu, kompyuta na intaneti ya kusomea vimo.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba kuna kikomo, na kikomo hicho hukiweki wewe wala mwenye nyumba. Kila chuo hutoa makadirio ya gharama za kusoma, na ndani yake kuna kiasi cha malazi na chakula kwa anayeishi nje. Mwanao aende ofisi ya misaada ya fedha akaulize kiasi hicho kwa mwaka huu, apewe kwa maandishi. Pango la miezi 9 ni dola 6,300. Chakula, tuseme 350 kwa mwezi, ni 3,150. Jumla 9,450. Chuo kikisema 10,200, zote zinatoka bila kodi. Kikisema 8,500, umezidisha 950, na hapo ndipo serikali inapoangalia faida tu, si fedha ulizoweka mwenyewe. Kwako faida ni theluthi moja, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni kama dola 317. Kwa kawaida huongezwa asilimia 10 juu ya faida hiyo, lakini kwa kuwa mwanao ana ruzuku, nyongeza hiyo husamehewa hadi kufikia kiasi cha ruzuku yake. Ndiyo hiyo faini ya kaka yako.

Mimi nilikosea kwenye tarehe. Mwaka wa kwanza wa binti yangu nilitoa fedha Desemba 28, nikalipa malazi yake Januari 6. Nilidhani siku tisa si kitu. Fedha na matumizi vinatakiwa viangukie mwaka mmoja wa kalenda, na nilipojaza marejesho ya kodi nikakuta fedha za Desemba hazina risiti ya kuzishika. Niliumia. Tangu hapo kila tunachotoa kinatumika mwaka huohuo, na risiti za pango na za dukani zinakaa kwenye bahasha moja yenye mwaka umeandikwa juu. Fedha ziingie kwa jina la mwanao, ili fomu ya 1099-Q, ile ya kodi inayoonyesha fedha zilizotolewa kwenye akaunti, itoke kwa jina lake. Ikitokea kodi, kwa kawaida kiwango chake kitakuwa chini kuliko chako.

Nikuambie na hili. Binti huyohuyo nilimtembelea Novemba, nikafungua jokofu lake: chupa ya maji, nusu kitunguu na kopo la maharage lililofunikwa kwa karatasi. Akaunti ilikuwa na fedha. Hakuomba kwa sababu nilimwambia tangu utotoni kwamba hizo ni za ada. Usimwache wako akae na njaa kwa ajili ya neno tulilolisema sisi wazazi.

Ulinde na ule mzigo wa masomo. Akianza kuchukua zamu nyingi kazini na kupunguza vipindi hadi chini ya nusu, pango na chakula vinatoka kwenye orodha muhula huo, hata kama anaishi nyumba ileile. Na mkataba wa nyumba ukiwa wa miezi 12, Juni hadi Agosti asipoandikishwa masomo ilipie kutoka mifuko mingine.