Betri ya kutembeza ndege ardhini ipimwe vipi?

Swali: Nasanifu mota za magurudumu kwa ndege ya tani 78, itembee ardhini injini kuu zikiwa zimezimwa. Kwa dakika 15 nimepata kilowati-saa 22. Betri ya kilo 200 itatosha? Na breki za kutua haziwezi kuichaji?

Jibu: Nishati umeihesabu vizuri, ila nguvu hukuigusa, na hapo ndipo betri inapobanwa. Kwa msuguano wa kuviringika wa 0.01, kwenda mita 10 kwa sekunde (karibu noti 20) kunataka kilowati 77. Hapo ndege imeshashika mwendo. Ukitaka ifikie mwendo huo kwa sekunde 90, sekunde za mwisho za kuongeza kasi magurudumu yanadai kilowati 163, na ukiweka upotevu wa asilimia 15, chanzo kitoe 192. Seli za betri za wati-saa (Wh) 150 kwa kilo zimetengenezwa kubeba nishati nyingi. Kuzimwagisha chaji yote chini ya dakika 20 ni kuzitesa. Kwa kipimo hicho (kilowati 192 kwa dakika 20) unahitaji kilowati-saa 64, yaani kilo 430 kabla ya boksi na nyaya. Ukilazimisha betri ndogo, volteji inaporomoka, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) inajizima, na ndege inakwama katikati ya njia.

Mimi ningeacha APU, ile injini ndogo ya mkiani inayozalisha umeme, ifanye kazi. Ikitoa kilowati 60 kwa mota, na kuongeza kasi kukachukua sekunde 180, kilele cha nguvu kinashuka hadi kilowati 141. Betri inaziba 81 tu: kilowati-saa 27, kilo 180. Gharama yake ni kuchelewa kushika mwendo. Mwongoza ndege anayesubiri uvuke njia ya kurukia hatafurahi.

Superkapasita, yaani kapasita kubwa za kuhifadhi umeme badala ya betri? Kwa Wh 5 kwa kilo, kilo 200 zinabeba kilowati-saa moja. Haitoshi.

Breki za kutua zisahau. Tani 64 kwa mita 70 kwa sekunde zina kilowati-saa 44, lakini zinatoka kwa takriban sekunde 25: wastani wa megawati 6. Hakuna mota ya gurudumu ya ukubwa huu itakayopokea hiyo, wala betri yako.

Katika kilo zako weka pia boksi la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Boeing 787 zilizuiwa kuruka Januari 2013 baada ya betri za lithiamu kupata moto, na boksi la namna hiyo likawa sehemu ya marekebisho.

Halafu punguza zile dakika 15: injini kuu huwashwa dakika 2 hadi 5 kabla ya kuruka ili zipate joto.