Mmeuliza kuhusu kusamehe, mimi najibu kuhusu kukataa

Wahariri habari zenu, na wasomaji wenzangu. Swali la wiki lilikuwa "Je, imani yako ilikusaidia kumsamehe mtu aliyekubagua kwa rangi yako?" Nimelisoma Jumapili nikiwa kituoni nasubiri daladala baada ya misa, nikafunga, usiku nikafungua tena, na sasa hivi ni saa sita na nusu naandika kwenye simu watoto wamelala. Kwahiyo mnivumilie, sina mpangilio.

Sababu iliyonigusa ni hii. Jumuiya yetu ndogondogo somo wetu, yaani msimamizi wetu, ni Mtakatifu Josephine Bakhita, na kila tarehe 8 Februari, sikukuu yake, katekista anasimulia habari zake na kila mwaka anamalizia palepale, kwamba Bakhita alisema akikutana na wale waliomteka na kumtesa atapiga magoti awabusu mikono, maana bila yale yaliyompata asingekuwa Mkristo wala mtawa. Akina mama wanafuta machozi, wanaitikia amina. Mimi kila mwaka hapo tumbo linakaza, naangalia chini. Aibusu mikono ile?

Kwa asiyemjua, alizaliwa Darfur kule Sudan mwaka 1869 hivi, akatekwa akiwa mtoto wa miaka saba nane, akauzwa mara kadhaa mpaka jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kabisa kichwani. Hilo Bakhita walimpa watekaji, kwa Kiarabu ni mwenye bahati, hebu fikiria. Kuna nyumba walimchanja chale 114 kwa wembe halafu wakasugua chumvi kwenye vidonda ili makovu yasije yakafutika. Sasa mtu anasimama mbele ya watu waliobaguliwa anawaambia mabusu.

Mimi nilikuwa Muscat, Oman, 2013 mpaka 2015, kazi za ndani. Nimetokea upande wa Mbinga, ajenti wa Dar alinipeleka, mshahara riali 80. Walioenda wanajua ilivyo, viza inakuja kwa jina la kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, pasi anafungia yeye kabatini, ukitoka getini bila ruhusa yake basi wewe ni mtoro. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alichukua kikombe kimoja, akapaka rangi ya kucha nyekundu kwenye mkono wa hicho kikombe, akanionyesha mimi, akanionyesha kikombe, akakiweka chini ya sinki pembeni ya dawa ya mende. Vikombe vingine vyote viko juu. Hakunipiga huyo mama, niseme ukweli, hata kunitukana ni mara chache. Ila ile rangi nyekundu nimeiona kila asubuhi miaka miwili.

Kilichoniuma zaidi nyumba ile ilikuwa na Bibi, mama mzazi wa bosi, na Bibi alizaliwa Unguja. Walikimbia baada ya mapinduzi ya 1964, Sultani Qaboos alipoingia 1970 akawaita Waomani warudi kwao, nao wakaenda. Kiswahili chake kitamu mno, cha zamani, anaongea kama anaimba, usiku namkanda miguu ananielezea karafuu na Forodhani. Nilivyomsikia mara ya kwanza nikajua nimepata mama. Lakini mbele ya watu nilikuwa "huyu wa bara", na kikombe alikuwa anakiona.

Ikafika Ramadhani ya 2014. Mama mwenye nyumba akawa ananiazimisha kwa dada yake, Seeb, pembeni ya Muscat. Nafuturisha hapa, naosha vyombo, wao wanatoka kuswali tarawehe, mimi dereva ananipeleka kwa dada mtu kuna wageni kila usiku, narudi saa tisa, muda wa daku, naanza tena. Hela ileile. Rozari yangu ilipotelea kwa ajenti kwahiyo nilikuwa nasali kwa vidole, vidole kumi Salamu Maria kumi, na kila siku lazima nimalize matendo yote matano, yaani mafungu matano ya rozari, kabla sijalala, hiyo ndiyo ilikuwa yangu, kila kitu kingine ndani ya ile nyumba kilikuwa chao. Sasa siku kumi na mbili mfululizo nikawa nasinzia kabla ya tendo la pili. Nashtuka kumekucha nimeshika kidole cha nne. Siku ya kumi na tatu nasikia honi ya gari nje, nimesimama jikoni na kile kikombe mkononi nakunywa maji, nikahesabu nikaona hata sala wameshachukua. Nikakaa chini, kwenye marumaru, nikaegemea friji.

Mama mwenye nyumba akaja, akaongea, akaongea kwa sauti. Nikasema "siendi". Sikulia, hata kutetemeka sikutetemeka, na mimi ni mtu wa kutetemeka. Honi inapigwa. Bibi akaja na fimbo yake, akauliza kuna nini, nikamwambia Bibi mi siendi. Akaniangalia muda mrefu kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu kama anamfundisha mtoto, "Mjakazi hakatai."

Nawaambieni hilo neno, mjakazi, yaani mtumwa wa kike, halikuwa tusi mdomoni mwake. Ndiyo maana liliingia. Kwetu bibi zetu walikuwa wanasimulia misafara ya kwenda Kilwa, watu wanapita wamefungwa shingo, nilikuwa nasikiliza kama ngano. Nikamjibu "Bibi, mi sio mjakazi. Nina mkataba, wa nyumba moja." Akakaa kimya. Honi ikapigwa tena. Halafu akamgeukia mkwewe akasema maneno ya Kiarabu, sio mengi, mpaka leo sijui alisema nini, gari likaondoka bila mimi na Seeb sikwenda tena.

Usiku ule namkanda miguu, akaanza mwenyewe. Kwamba yeye alivyofika Oman, msichana, walimcheka Kiarabu chake, wakamcheka nywele, wakawa wanamwita Mzinjibari kwa kejeli, na kuna shangazi wa mumewe hakutaka kula chakula alichopika. "Nililia mwaka mzima, mwanangu." Ndio mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nikasubiri aseme na lingine. Hakusema, akalala. Na kikombe kilibaki chini ya sinki, mtu asije akadhani kilipanda juu.

Narudi kwa Bakhita, maana katekista anaruka kipande. Mwaka 1883 alinunuliwa na konseli (balozi mdogo) wa Italia pale Khartoum, baadaye akapelekwa Italia akapewa familia nyingine akawa yaya, yaya kama mimi, analea binti anaitwa Mimmina. Wenye nyumba wakawa na hoteli Suakin, huko Sudan, wakamwacha na mtoto kwa masista wa Canossa mjini Venice. Bosi aliporudi kumchukua, Bakhita akasema haondoki. Yule mama alilia, akatishia, akaleta watu, ikawa kesi, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikasema huyu ni mtu huru. Na alimpenda yule mtoto, kumkataa bosi ilikuwa kumpoteza Mimmina. Ubatizo ukafuata 9 Januari 1890. Yaani alikataa kwanza, na alikataa kwa sababu alikuwa anafundishwa dini na hakutaka wamkatize. Mabusu ni maneno ya mtawa ambaye hakuna tena wa kumuuza. Na hata hivyo anakufa 1947, kule Schio, Italia, katika homa yake ya mwisho alikuwa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Karibu miaka sitini baada ya ile hukumu.

Nilianza kuandika nikiwa na hasira na yale mabusu, sasa hivi sio sana. Naona alikuwa na haki ya kuyasema, yeye, kwa wakati wake. Sioni kama mimi nina haki ya kumwambia dada aliyeko Muscat au Riyadh usiku huu ayaseme. Na msinielewe vibaya, sisemi habari ya Uislamu hapa, aliyenichangia nauli ya kurudi Mbinga nilipotua Dar alikuwa mama wa Kiislamu nimekaa naye siti moja kwenye ndege. Na nyumba ngapi hapa kwetu, za Wakristo wa kila Jumapili, zina sahani ya dada wa kazi pembeni.

Kwahiyo jibu lenu. Mama mwenye nyumba, hapana, sijamsamehe, japo kila nikisali tendo la tatu namkuta amekaa hapo na simtoi. Bibi alifariki mwaka juzi, mjukuu wake alinitumia ujumbe, nikalia mpaka mume wangu akauliza kama ni mtu wa kwetu. Nikamwambia ndiyo. Kama hiyo mnahesabu ni kusamehe basi hesabuni.

Mwaka huu nimemwomba katekista tarehe 8 nisimulie mimi, nianzie Venice. Bado hajanijibu.

Msomaji, Songea