Kusafisha damu: binafsi au serikali?

Pole sana dada kwa mzee kuumwa figo. Umeuliza kama umtoe ya serikali umhamishie kliniki ya binafsi ya kusafisha damu kwa mashine (dayalisisi) hapa Dodoma kisa foleni ni fupi. Mi nauguza mama mwaka wa 3 sasa, nakuelewa. Marekani, ambako makampuni ya biashara yameshika kliniki nyingi za dayalisisi, uchambuzi wa tafiti wa 2002 ulikuta vituo vya faida vina hatari ya kifo zaidi kwa kama asilimia 8 kuliko visivyo vya faida, na watafiti wakahisi chanzo ni wahudumu wachache na muda mfupi kwenye mashine. Ila hiyo ni Marekani, usiihukumu kliniki ya hapa kwa hilo, nenda kaangalie mwenyewe nesi mmoja anashika mashine ngapi, na mzee akipangiwa masaa 4 anamaliza yote au anatolewa mapema mwingine aingie, hapo usilegeze kabisa dada! Uliza pia, wenye homa ya ini B (inaambukizwa kwa damu) wana mashine yao? Mrija wa shingoni wa kumuunganisha na mashine ukikaa sana unaleta maambukizi, so ulizia mapema fistula ya mkononi (mishipa ya damu inayounganishwa kwa upasuaji, sindano za mashine zinachomwa hapo). Na uliza kama watampa rufaa ya kupandikizwa figo, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wanafanya tangu 2018.