Usianze na mchekeshaji

Siku ya kwanza ya kushuti, lokesheni nzima ilicheka. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, na dada wa mapambo akatoka nje kujipepea. Mhusika wetu mkuu ni konda wa daladala anayechukuliwa kimakosa na chombo cha anga, halafu huko juu anafanywa balozi wa dunia. Muigizaji wetu alitoa macho, akapinda mdomo, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wiki mbili baadaye tukakaa kwenye chumba cha kuhariri, watu wanne na feni moja, tukaitazama sini ileile ya dakika tisa. Hakucheka mtu. Edita akasimamisha picha, akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu mtu anajua kwamba ametekwa?"

Hakuwa anajua. Mimi niliyemchagua sikuwa nimemwambia, kwa sababu hata mimi sikuwa nimelifikiria.

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniandikia. Ana mchezo wa redio wa kuchekesha, wenye sayari na roboti ndani yake, watu wa mtaani kwao wanaupenda, na sasa anataka kuutengenezea filamu. Anauliza aanze na waigizaji gani. Nilianza kumjibu kwa meseji, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niiandike hapa.

Dogo, kabla hujamwita mtu yeyote kwenye usaili, tafuta filamu ya mwaka 2005 iitwayo The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Mimi niliitazama nikiwa nimeshaharibu ya kwangu, na ningeitazama mapema ningeokoa pesa. Ukitaka kujua ugumu wa kuchagua waigizaji wa kichekesho ambacho watu wanakipenda kupita kiasi, hakuna mfano mzuri zaidi ya huo. Kazi yenyewe ilianzia redioni kama ya kwako. Mwingereza Douglas Adams aliiandikia BBC Radio 4, kipindi cha kwanza kikaruka tarehe 8 Machi 1978. Vikafuata vitabu, kisha televisheni mwaka 1981. Sinema ilipofika, mashabiki walikuwa na miaka 27 ya sauti zilezile masikioni. Mwandishi mwenyewe alikuwa amefariki Mei 2001, akiwa na miaka 49, baada ya kuhangaika miaka na miaka kuitafutia hadithi yake njia ya kufika sinema. Kwa hiyo mwongozaji Garth Jennings, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, hakuwa na wa kumpigia simu kumuuliza, "Mzee, huyu anafaa?"

Hadithi kwa ufupi: Arthur Dent anaamka asubuhi anakuta tingatinga limekuja kubomoa nyumba yake ili barabara ipite. Siku hiyohiyo viumbe waitwao Vogon wanakuja kuibomoa dunia nzima, kisa ni hichohicho, barabara ya angani. Arthur anaokolewa na rafiki yake, na kuanzia hapo anazunguka ulimwengu akiwa na pajama na joho la nyumbani, akitafuta kikombe cha chai.

Mchezo kama huo ukimpa mtu anayetaka kuchekesha, umekwisha. Maneno yameshachekesha. Dunia imebomolewa kwa sababu ya makaratasi ya ofisini; ukiongeza macho ya kutoa na mdomo wa kupinda, umemwekea mtazamaji sukari kwenye soda. Redioni Arthur alikuwa Simon Jones, rafiki wa Adams tangu Cambridge, na Adams alimwandika mhusika huyo akimfikiria yeye. Kwenye sinema walimchukua Martin Freeman, ambaye Waingereza walimjua kwa The Office, kile kichekesho cha televisheni cha wafanyakazi wa ofisi moja ya karatasi. Nilipomtazama mara ya kwanza nilisema huyu jamaa hafanyi kitu. Mara ya tatu au ya nne ndipo nilipoona anachofanya: anasikitika. Nyumba yake imevunjwa, kwao hakuko tena, na hakuna anayemsikiliza. Anayasema maneno ya kipuuzi kabisa kwa uso wa mtu aliyepoteza simu kwenye basi. Wewe unayetazama ndiye unayecheka.

Basi siku hizi usaili wangu una karatasi moja tu, na haina kichekesho hata kimoja. Nimeiandika mwenyewe. Ni maneno ya karani wa ofisini anayemwambia mtu kwamba barua ya serikali ya mtaa aliyoleta ina muhuri lakini haina tarehe, nakala za kitambulisho zinatakiwa mbili naye ameleta moja, na fomu zimekwisha, arudi Jumatatu. Nawaambia waisome tu. Anayekuja na utani wake, akabana pua, akaiga lafudhi ya kabila fulani, namshukuru na nauli nampa. Anayeisoma kama vile kweli fomu zimekwisha na yeye hana la kufanya, na pengine ana njaa, huyo namwandika jina. Na hao Vogon, kwa taarifa yako, ndio karani huyo. Wamepewa miili mikubwa ya mpira iliyotengenezwa kwenye karakana ya Jim Henson, lakini mtu yeyote aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake anawajua vizuri.

La pili ni sauti, na hapa ndipo mimi nilipofanya dhambi kubwa zaidi.

Kuna kisa kinachojulikana sana cha wakati wanauandaa ule mchezo wa redio. Walikuwa wanatafuta mtu wa kusoma maneno ya Kitabu, yaani ule mwongozo wa wasafiri wa angani uliobeba jina la hadithi, ambao ndio msimuliaji. Walijua wanachotaka: sauti ya namna ya Peter Jones. Wakapita kwa huyu na yule, kila mmoja haikai sawa, mpaka mtu mmoja ofisini akauliza kwa nini wasimwite Peter Jones mwenyewe. Wakamwita. Akawa ndiye Kitabu, redioni na kwenye televisheni, na kwa watu wengi ndiye mpaka leo, ingawa alifariki mwaka 2000 na sinema ikabidi imchukue Stephen Fry. Nami nakuomba, ukijisikia unasema "natafuta mtu kama fulani," weka karatasi chini umpigie fulani.

Sisi tulikuwa na fulani wetu. Filamu yetu nayo ilianzia redioni, na huko kompyuta ya chombo ilisemwa na mzee mmoja mwenye sauti nzito iliyochoka, kama mlango wa ghala. Wasikilizaji walidhani ni jitu. Ukimwona, mzee mwenyewe ni mfupi, mwembamba, anavaa kofia ya kufumwa mwaka mzima. Tulipohamia kwenye picha, niliona umbo lake halifanani na lile roboti tulilochora, nikampa kazi kijana mmoja wa mazoezi, ana kifua hiki. Kipande cha kwanza kilipotoka, maoni yote yalikuwa swali moja: mzee yuko wapi? Nikaenda kwake na soda na aibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, sura yangu hata mke wangu ameizoea vibaya. Wanayemtaka ni huyu," akajigusa koo.

Sikuwa nimefikiria kwamba mhusika mmoja anaweza kugawanywa kwa watu wawili. Wenzetu walishafanya. Yule roboti Marvin, mwenye akili kubwa kama sayari na huzuni ya kutosha kijiji, redioni na kwenye televisheni sauti yake ilikuwa ya Stephen Moore. Kwenye sinema anasema Alan Rickman, lakini anayetembea ndani ya lile gamba lenye kichwa kikubwa cha mviringo ni Warwick Davis. Mtazame anavyoburuta miguu, mabega yameshuka, kichwa kinamwelemea. Hata ukizima sauti unamwonea huruma. Kwa hiyo sisi tukamrudisha mzee kwenye maikrofoni, na ndani ya boksi letu la mabati akaingia binti wa kidato cha nne, mcheza ngoma, mwenye subira ya ajabu. Joto la humo ndani sitaki hata kulizungumzia. Tulikuwa tunamtoa kila dakika kumi anywe maji.

Redio inakupa vitu bure, halafu kamera inakuja na bili. Zaphod, rais wa galaksi kwenye hadithi ile, ana vichwa viwili: redioni ilikuwa sentensi moja, imepita, watu wamecheka. Televisheni ikalazimika kumtengenezea kichwa cha mitambo, na kichwa hicho kinakumbukwa kwa kugoma kuliko kwa kuigiza. Sinema ikakificha cha pili chini ya kidevu, kinajitokeza kikitaka kuropoka. Sam Rockwell anaubeba mzigo huo kwa mbwembwe za nyota wa muziki aliyegombea ubunge akashinda. Pitia skripti yako ukatafute vichwa vya namna hiyo kabla hujaahidi mtu kazi.

Ford Prefect ndiye aliyeleta kelele. Ni rafiki wa Arthur, mgeni kutoka sayari nyingine, ila miaka yote amejifanya Mwingereza. Jina alijipa mwenyewe baada ya utafiti wa juujuu, akidhani ni la kawaida, kumbe ni aina ya gari. Ni kama mgeni wa anga atue Ubungo ajitambulishe kwa heshima zote, "Naitwa Probox." Nafasi hiyo wakampa Mos Def, mwanamuziki wa rap kutoka Brooklyn, New York. Baadhi ya mashabiki wa zamani hawakupendezwa. Mimi naona ni chaguo zuri kuliko yote kwenye filamu ile. Anaongea polepole, macho yake yanatazama pembeni kidogo ya mtu anayeongea naye, na ukimwangalia unaamini kwamba ameishi hapa muda mrefu lakini hakuzaliwa hapa. Asingekuwa mgeni machoni pa mashabiki, angekuwa mgeni kwa nani?

Kwa Trillian, yule mwanamke wa duniani anayesafiri na Zaphod, sina maneno mengi. Zooey Deschanel alipewa mapenzi ya kuigiza ambayo hadithi ya awali haikuwa nayo kwa kiasi kile, na naona hayakukaa. Hilo ni kosa la maandishi. Ukiona mhusika wako wa kike kila muigizaji mzuri anayemsoma anaonekana wa kawaida, usibadilishe muigizaji wa sita, rudi kwenye skripti. Na usimsaili mtu peke yake. Wasome wawili wawili, uwabadilishe, uone nani akinyamaza mwenzake anapata nafasi.

Nimesahau habari ya wafuasi, na ndiyo itakayokuletea shida. Yule mchekeshaji wetu wa kwanza sikumchagua kwa kupenda. Mtu aliyetoa pesa alisema huyu ana wafuasi laki tatu, atatuletea watu. Kweli aliwaleta: walitazama kipande cha sekunde arobaini alichopandisha kwenye ukurasa wake akiwa lokesheni, wakacheka, wakaenda zao. Filamu yenyewe waliitazama wachache kuliko waliokuwa wakitusikiliza redioni Jumamosi usiku. Ukilazimishwa jina, lipe nafasi ndogo ambayo ingependeza hata ikisemwa na mtu asiyejulikana. Kwenye ile sinema kuna nyangumi anayetokea ghafla angani, anaanza kujifunza maisha huku anaanguka, na baada ya muda mfupi maisha yamekwisha. Sauti ni ya Bill Bailey, mchekeshaji mwenye jina kubwa Uingereza. Hatumwoni sura. Anapita, anaondoka, na mimi hapo huwa nacheka halafu koo linakaba.

Wale wa zamani nao wape mlango. Simon Jones, Arthur wa kwanza, yumo: anatokea kama picha ya rekodi hewani, anawaonya wageni kwa adabu kubwa kwamba makombora yanakuja. Roboti Marvin wa televisheni ya mwaka 1981 naye yumo, amesimama kwenye foleni ya Vogon kama raia wengine, na kamera haimshangai. Asiyemjua hapotezi kitu. Anayemjua anajiona amesalimiwa.

Usaili wetu wa mwisho ulikuwa Jumamosi. Tulikosa mtu wa kuwa nahodha wa chombo kile kilichomchukua konda, wanaume kumi na mmoja wakabana sauti ili watishe. Pembeni alikaa mama mmoja, amemsindikiza binti yake, anasuka ukili. Hakuinua kichwa asubuhi nzima. Saa saba mchana nikamfuata, nikamwamkia, nikamwomba atusomee karatasi tu, watu wapumzike. Akaweka ukili mapajani, akatafuta miwani kwenye mkoba, akaipitia ile karatasi ya fomu na muhuri mpaka mwisho.

"Nisome nilivyo, au niigize?"

"Ulivyo, mama."

Akasoma. Alipofika kwenye "rudi Jumatatu," kijana wetu wa sauti aliinuka kwenye kiti akajibu, "Sawa, shikamoo." Mama alisaini siku ileile, kwa sharti kwamba Ijumaa mchana tusimwite.