Re: Miti ikibaki imesimama, msitu si bado upo?

Mkuu umeuliza kama wanaowinda wanyama tu bila kukata miti wanaharibu msitu kweli. Wanaharibu sana, tena kimyakimya ndo maana inauma.

Chukua ule mti wa njugu za Brazil kule Amazon, unafika hadi mita 50. Ua lake limefunikwa na kifuniko kigumu, nyuki mdogo hawezi kukiinua, mpaka waje wale nyuki wakubwa wenye nguvu, wakiwemo nyuki wa okidi. Likishachavushwa, tunda linakaa juu mwaka na zaidi ndo likomae, halafu linadondoka pwaa, kilo moja mpaka mbili, gumu kama nazi. Hapo anakuja aguti, mnyama wa jamii ya panya anayekaribia ukubwa wa sungura, anatafuna ganda kwa meno mpaka anatoboa, anakula mbegu kadhaa na zingine anazifukia hapa na pale za akiba, zile anazosahau ndo zinakuwa miti.

Sasa winda aguti wote uone. Miti mikubwa itaendelea kusimama miaka mingi tu na ukipita utasema msitu mzima, ila chini ukiangalia hakuna miche, ni wazee watupu.

Na kinyume chake pia kipo, Brazil sheria inakataza kuukata huu mti kwa hiyo wafugaji wanafyeka msitu wote wanauacha peke yake katikati ya malisho, nyuki hawafiki, matunda yanakuwa machache mno. Binafsi ule mti siuhesabu kama umeokolewa.